Mwalimu Aliyesahau Ng'ombe

Vijana wangu, mimi nimestaafu chaki lakini chaki haijanistaafu. Asubuhi nikivaa shati bado napangusa mkono wa kulia, natafuta vumbi ambalo halipo. Juzi mmoja wenu, simtaji, kanikuta sokoni nachagua maharage. "Shikamoo mwalimu," kaniambia. "Momenta inatutesa." Nikaitika marahaba, nikaacha maharage hapohapo, nikachukua viazi viwili juu ya meza ya muuzaji nikaanza kumwonyesha. Kiazi hiki kinakuja, kile kimesimama, vinagongana, pwaa! Vikadondoka chini vyote viwili. Yule mama akatutimua, na haki alikuwa nayo. Lakini kijana aliondoka anacheka kwa kuelewa, na mimi nikafika nyumbani moyo unanidunda kama mtu aliyefunga bao. Nikamwambia mke wangu, leo naandika, chakula kitanisubiri.

Basi nisikilizeni. Nitawaambia habari ya momenta, yaani wingi wa mwendo wa kitu kinachokwenda, na nitawaambia habari ya msichana aliyeitwa Felista, ambaye nusura nimtoe kwenye somo la Fizikia kwa upungufu wa alama mbili, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Sijawahi kuisimulia yote. Nilikuwa naona haya. Sasa nimezeeka, haya imepungua.

Kwanza mjue mimi si mtu wa hapa. Ni mtu wa Mbeya, nimezaliwa mjini, baba yangu alikuwa karani wa serikali na mama akiuza vitenge. Nilipopangiwa kuja kufundisha Sumbawanga nilikuwa kijana mwenye suruali iliyonyooshwa mstari na digrii mbichi, nikidhani nimekuja kuwaletea watu mwanga. Ng'ombe nilikuwa namjua kwa njia ya mchuzi tu.

Nikakabidhiwa maabara, na ndani ya maabara nikamkuta Mzee Tarsisi. Alikuwa fundi maabara, Mfipa, mwembamba, ana kofia ya sufu aliyoivaa hata mwezi wa kumi jua likichoma. Cheti chake kilikuwa cha useremala. Vigari vyote vya mbao tulivyofanyia majaribio alivichonga yeye, akavifunga magurudumu ya bearing alizookota gereji. Mpaka leo sijaona vigari vinavyoteleza vizuri kama vile.

Huyo ndiye aliyeshuhudia aibu yangu ya kwanza. Siku hiyo alikuja mkaguzi wa shule. Nikasema leo nitamwonyesha! Nikaweka vigari viwili mezani vikielekeana, kimoja cha kilo mbili, kingine cha kilo moja. Kile kizito kinakuja kwa mita moja kwa sekunde, kile chepesi kinakuja kwa mita mbili. Mbele ya kila kimoja tumebandika nta ili vikikutana vishikane. Swali: vikishashikana, vitakwenda kwa kasi gani? Nikageukia ubao kwa mbwembwe. Mbili mara moja ni mbili. Moja mara mbili ni mbili. Jumla nne. Gawa kwa kilo tatu. Nikaandika kwa herufi kubwa: mita moja na theluthi kwa sekunde. Nikapiga mstari chini mara mbili, chaki ikakatika.

"Mzee Tarsisi, achia!"

Akaachia. Vigari vikaja, vikakutana katikati ya meza, vikashikana. Vikasimama. Havikwenda kokote. Tuli!

Mkaguzi akatazama vigari, akatazama ubao, akatazama vigari. Mimi nikaanza kulaumu meza. Nikasema meza haiko sawa, labda nta imezidi. Mzee Tarsisi akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, "Mwalimu, meza nimeipima asubuhi. Hivyo vigari vilikuwa vinakutana, au vilikuwa vinafuatana?"

Loo! Nikataka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimesahau mwelekeo. Kigari kimoja kinakwenda kulia, kingine kushoto, na mimi nimevijumlisha kana kwamba vinakwenda msibani pamoja. Momenta ni uzito mara kasi, lakini kasi ina uso, inatazama upande. Cha kulia nipe chanya, cha kushoto nipe hasi. Mbili toa mbili, sifuri. Vigari vilijua, mwalimu hakujua. (Wenye vitabu watanisahihisha kwamba kwenye hesabu hizi si uzito, ni tungamo. Wako sahihi, nanyi kwenye mtihani andikeni hivyo. Mimi hapa naongea kwa kilo, kama sokoni.)

Tangu siku ile, kabla sijaandika namba yoyote, nachora mshale. Huku ndiko mbele, kule ndiko nyuma. Nimewahi kumfukuza mwanafunzi ubaoni kwa kutochora mshale, akarudi kwenye dawati analalamika, na mwaka uliofuata akanishukuru. Chora mshale! Hata kama vitu vyote vinakwenda upande mmoja, chora, usije ukazoea uvivu.

Nyinyi wa siku hizi mna bahati, na wengine hamjui. Mnachukua simu, mnarekodi vigari, mnapunguza kasi ya picha, mnahesabu kila hatua. Mjukuu wangu alinionyesha hivyo nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sisi tulipima sekunde kwa saa ya mkononi ya Mzee Tarsisi, na ilikuwa inachelewa. Lakini simu haitakuambia swali lako limesahau nini. Na hapo sasa ndipo ninapomfikia Felista.

Ilikuwa miaka mingi baada ya vigari vya mkaguzi. Nilikuwa tayari mwalimu mwenye jina, wazazi wananisalimia barabarani, kichwa kimeanza kuvimba. Siku moja nilikuwa natoka Chala kwa basi. Karibu na mashamba fulani basi likasimama kungoja ng'ombe wavuke, nikachungulia dirishani nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Ilikuwa msimu wa kutoa mahindi shambani. Mkokoteni unavutwa na ng'ombe wawili unapita pembeni ya kichuguu kikubwa. Juu ya kichuguu wamesimama wanaume wawili wameshika gunia, mmoja huku, mmoja kule. Mkokoteni ulipofika chini yao, wakaliachia. Puu! Gunia likatua kwenye mkokoteni na ng'ombe wakaendelea na safari bila kusimama. Jirani yangu kwenye kiti akaniambia, "Hapa kwetu ng'ombe akishaanza kuvuta humsimamishi ovyo. Kumwanzisha tena na mzigo ni kazi."

Jamani! Nilikaribia kushuka kwenye basi. Hii si momenta hii? Hii si Fizikia tupu, barabarani, bure? Usiku huohuo nikatunga swali kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili. Mkokoteni na mzigo wake una kilo mia tatu. Unatembea mita mbili kwa sekunde kwenye barabara tambarare. Watu walio juu ya kichuguu wanaudondoshea gunia la kilo mia. Tafuta kasi ya mkokoteni gunia likishatua. Alama sita. Na kwa kuwa nilikuwa na furaha, nikachora picha: kichuguu, watu wawili, gunia, mkokoteni, na mbele yake ng'ombe wawili wenye pembe nzuri kabisa. Nilijivunia zile pembe.

Jibu langu lilikuwa hili. Kabla: mia tatu mara mbili, mia sita. Baada: kilo zimekuwa mia nne. Mia sita gawa kwa mia nne, moja na nusu. Rahisi, maana gunia lilidondoka wima, halikuja na mwendo wowote wa kwenda mbele.

Nikasahihisha. Wanafunzi arobaini na wawili. Tisa tu ndio walioandika moja na nusu, na wote tisa ni watoto wa mjini, wa watumishi na wafanyabiashara, wengi wao wa kwetu Mbeya. Thelathini na watatu, watoto wa wakulima, waliandika mbili. Mbili ileile! Kwamba gunia la kilo mia limetua na mkokoteni haukupungua mwendo hata chembe. Nilipandwa na hasira, nikasema hawa watoto nimewafundisha nini mwaka mzima?

Wengi waliandika mbili wakanyamaza. Felista aliandika na maelezo. Aliandika, "Gunia likitua ng'ombe wanashtuka kidogo, halafu wanakaza. Mwendo ni uleule." Nikampa sifuri. Na kwa kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Hili ni somo la Fizikia, si Kilimo." Niliona nimesema neno zuri.

Sasa mjue utaratibu wa shule wakati ule. Anayepata chini ya arobaini kwenye mtihani ule haendelei na Fizikia kidato cha tatu. Anahamia masomo ya sanaa, na mlango umefungwa, hakuna kurudi. Orodha ya wanaoendelea ilikuwa ibandikwe Ijumaa saa sita mchana. Felista alikuwa na thelathini na nane.

Jumatano akaja ofisini. Alikuwa msichana mfupi, mpole, anayeongea akitazama chini, lakini siku ile alinitazama usoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya swali la mkokoteni. Mimi nataka kuendelea na Fizikia. Sina somo jingine ninalolipenda namna hii."

"Ungelipenda ungejibu moja na nusu."

"Mwalimu, mkokoteni wa baba mimi ndiye ninayeuongoza kila msimu. Tunapakia vilevile kama ulivyochora. Haupunguzi mwendo. Ningeandika moja na nusu ningekuwa nadanganya."

Nikamwambia mambo ya shambani ayaache shambani. Akasema, "Sawa mwalimu," akatoka. Hakulia mbele yangu. Mzee Tarsisi, aliyekuwa anagonga msumari kwenye kabati, akaacha kugonga.

"Mwalimu, nikuulize. Hao ng'ombe uliowachora, pale wanafanya nini?"

"Ni pambo tu, Mzee."

"Ee! Pambo." Akachukua msumari mwingine. "Basi ungechora maua."

Vijana, usiku ule sikulala vizuri. Maua! Nilijigeuza mpaka mke wangu akauliza kama naumwa. Kesho yake mchana nikafunga ofisi, nikamwita Felista nikamwambia, nipeleke kwenu. Akaogopa, akadhani namshtaki. Tukatembea mpaka Malangali, pale mji unapoishia na mashamba yanapoanza, tukamkuta baba yake na vijana wawili wa jirani wanatoa mahindi.

Baba Felista alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Nikamweleza swali langu lote. Alisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye kasi.

"Mita mbili kwa sekunde? Nionyeshe hapa chini ni kiasi gani."

Nikapima kwa hatua, nikahesabu sekunde kwa mdomo. Akaangua kicheko, akashika kiuno. "Mwalimu! Hao ng'ombe wako wanakimbia nyuki? Ng'ombe wangu wanatembea nusu ya hiyo!"

Hata Felista alicheka. Nikacheka na mimi, ingawa kidogo. Halafu nikasema tupime. Felista akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu ili tuhesabu mizunguko. Baba akawasemesha ng'ombe kwa Kifipa, maneno ambayo sikuyaelewa lakini wao waliyaelewa, wakaanza kuvuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwalimu mzima na suruali yangu ya mstari nikawa natembea nimeinama pembeni ya gurudumu, saa mkononi. Mizunguko mitano kwa sekunde kumi. Tukapita kichuguu, vijana wakaachia gunia, puu! Mizunguko mitano kwa sekunde kumi. Ileile!

"Rudia," nikasema. Tukarudia mara tatu. Mitano, mitano, mitano.

Mara ya tatu nikaacha gurudumu, nikawatazama ng'ombe. Na hapo nikaona. Gunia lilipotua, nira ilivutika nyuma kwenye shingo zao, wakashtuka, kwato zikachimba udongo, wakakaza. Ndivyo alivyoandika Felista, neno kwa neno. Kile kilichopungua kwa gunia kutua, ng'ombe walikirudisha papo hapo kwa kuisukuma ardhi. Momenta ilikuwa inaingizwa kutoka nje, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimechora pembe tu.

Nikakaa chini kwenye majani makavu ya mahindi. Felista akauliza kama naumwa. Nikamwambia, "Hapana. Twende kwenye mashine ya kusaga. Baba, naomba mkokoteni wako, ila safari hii bila ng'ombe."

"Bila ng'ombe? Nani atavuta?"

"Hakuna. Ndiyo nataka."

Alidhani nimechanganyikiwa lakini akakubali, maana kwao mwalimu hanyimwi. Pale mashineni kulikuwa na sakafu ndefu ya saruji ya kuanikia, na pembeni yake jukwaa la kushushia magunia. Ng'ombe wakafunguliwa, wakawekwa kando wanatutazama. Watu wanne tukausukuma mkokoteni mpaka ukashika mwendo, tukauachia ujiendee. Ukapita jukwaa, ukaenda ukaenda mpaka karibu na ukuta. Tukafanya hivyo mara mbili ili tuujue mwendo wake. Mara ya tatu vijana wawili wakasimama jukwaani na gunia. Tukasukuma, tukaachia, ukafika chini yao, puu!

Weee! Mliona wapi! Mkokoteni ulipoa palepale, kila mtu aliona, hata mama mmoja aliyekuwa anapepeta ulezi wake aliinua kichwa. Ukajikokota, ukasimama mbali kabisa na ukuta.

"Mwalimu! Umepungua!" Felista alipiga kelele, mikono kichwani. "Umepungua! Kumbe bila ng'ombe unapungua!"

"Hesabu kitambaa!" nikapiga kelele na mimi. "Umehesabu?"

"Nimehesabu! Kabla ilikuwa minne, baada ya gunia mitatu, kwa sekunde zilezile!"

Minne kwa mitatu, vijana! Mbili kwa moja na nusu! Kwa kitambaa, kwa saa ya mkononi, kwenye sakafu ya mashine! Nilimshika mkono baba yake nikautikisa mpaka akaniomba nimrudishie. Tulikuwa tunarukaruka pale kama watoto, na wale wenye mashine wakawa wanatucheka.

Felista alipotulia akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, wote tulikuwa sahihi?"

"Hapana," nikamwambia. "Wewe ulikuwa sahihi kwa swali nililouliza. Mimi nilikuwa sahihi kwa swali ambalo sikuliuliza."

Baba yake akapangusa jasho. "Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini jioni nikihesabu ng'ombe nahesabu walio ndani ya boma. Kukiwa na mmoja nje anapiga kelele, sifungi mlango nikasema hesabu imetimia."

Hilo ndilo somo langu la boma, mlilolisikia kwa kaka zenu na dada zenu. Wengi hudhani nililitoa kitabuni. Kabla ya kujumlisha momenta, chora boma kuzunguka vitu vyako. Gunia na mkokoteni, ndani. Kisha zunguka boma lako ukiuliza, kuna mtu huku nje anavuta? Anasukuma? Kuna msuguano unaokwangua kwa muda mrefu? Kama hakuna, au kama ni kidogo cha kupuuzwa kwa ile sekunde ya kugongana, funga mlango: jumla ya kabla ni sawa na jumla ya baada, hata vitu vigongane namna gani humo ndani. Kama kuna ng'ombe nje anavuta, ama umwingize ndani pamoja na ardhi anayoikanyaga, ama ukiri kwamba hesabu ya kabla na baada haitakusaidia. Boma kwanza, mshale pili, namba mwisho. Kanuni yenyewe ni mstari mmoja tu, mtu yeyote anaikariri. Kazi iko kwenye boma.

Lakini kuelewa si kumaliza. Nilikuwa nimeandika neno la kejeli kwenye karatasi ya mtoto aliyeona vizuri kuliko mimi, na orodha ilikuwa inabandikwa kesho saa sita.

Ijumaa asubuhi na mapema nikaenda kwa mkuu wa shule. Tulimwita Mama Mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani, hapendi kelele wala karatasi yenye doa. Orodha ilikuwa mezani kwake, imepigwa chapa, majina ishirini na matatu, imetiwa saini. Nikamsimulia habari ya Felista na mkokoteni.

"Mwalimu, unataka nimwongezee mtoto mmoja alama?"

"Hapana, Mama. Nataka ulifute swali langu. Nililitunga vibaya."

Akavua miwani. "Swali lilipita kwako, kwa mwenzako, kwangu. Leo ndiyo baya? Wazazi watasema tunachezea mitihani."

"Basi liulizwe upya, kwa kidato chote, asubuhi hii. Na nitawaambia mwenyewe mstarini kosa ni la nani."

"Mbele ya shule nzima?"

"Mbele ya shule nzima."

Akavaa tena miwani. Akasema saa nne na nusu ndiyo mwisho, nisipomaliza kusahihisha orodha inabandikwa ilivyo.

Nikasimama mstarini. Ninyi mnajua mstari wetu na ule upepo wa asubuhi wa Ufipa unaopenya mpaka mifupani. Nikasema, "Kwenye mtihani nilichora ng'ombe wawili, halafu nikawasahau. Waliowakumbuka niliwapa sifuri. Nimemwandikia mwenzenu mmoja neno la dharau, na neno lile ni la kwangu kulimeza. Naomba radhi." Kidato cha pili wakaanza kunong'ona, kidato cha nne wakacheka, halafu mtu nyuma akaiga mlio wa ng'ombe. Mooo! Shule nzima ikavunjika mbavu. Nikaona heri wacheke. Mama Mkuu peke yake hakucheka.

Swali jipya lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, mkokoteni umeachiwa ujiendee, hakuna anayeuvuta; tafuta kasi gunia likishatua. Pili, ng'ombe wanavuta. Je, unaweza kutumia kanuni ileile kwa mkokoteni na gunia tu? Eleza. Na hapa ndipo nilipoogopa, kwa sababu ile sehemu ya kwanza ilitaka hesabu, na hesabu za mtihani mzima ndizo zilizomwangusha Felista mpaka thelathini na nane. Alama zangu za huruma hakuzitaka. Nilimpa nafasi ya kuzikataa asubuhi ile, akaniambia, "Mwalimu, niulize tu."

Nilipita katikati ya madawati. Wengine walikwishaanza kuandika. Felista ameweka kalamu chini, anatazama dirishani. Dakika tano. Dakika saba. Nikatamani kumnong'oneza, nikajizuia kwa kuuma ulimi. Nikafika mpaka mwisho wa darasa, nikarudi. Alikuwa amechukua kalamu. Amechora duara kubwa, ndani yake mkokoteni na gunia. Nje ya duara amechora ng'ombe wawili, na mbele yao ameandika, "Hawa wamefunguliwa." Kisha mshale. Kisha, kwa mwandiko mdogomdogo, mia tatu mara mbili. Nilikwenda dirishani nikageuzia darasa mgongo, maana macho yangu hayakuwa sawa.

Nilisahihisha nikiwa nimesimama. Felista alipata sita kwa sita. Thelathini na nane na sita, arobaini na nne. Wengine kumi walivuka pamoja naye. Saa nne na dakika ishirini na tano nikaziweka karatasi mezani kwa Mama Mkuu nikihema. Akazipitia moja moja, akachukua orodha yake safi iliyopigwa chapa, akaandika kwa mkono majina kumi na moja chini yake. Saa sita akaibandika.

Felista siku hizi anafundisha Fizikia kule Chala. Akinipigia simu haniamkii kwanza. Huuliza, "Ng'ombe hawajambo?" Nami hujibu, "Wako bomani." Ndipo shikamoo inafuata.

Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa, nilipofika shuleni nilikuta wanafunzi wamejazana kwenye ubao wa matangazo, wanacheka huku wamejiziba midomo. Nikapenya. Orodha iliishia namba thelathini na nne. Chini yake mtu asiyejulikana ameongeza kwa penseli: "35. Ng'ombe wawili wa Malangali." Kabla sijasema kitu, wanafunzi wakatawanyika. Mama Mkuu alikuwa nyuma yangu. Alisogea, akasoma, akavaa miwani akasoma tena. Nikangoja aichane. Akatoa kalamu yake nyekundu mfukoni, akawapigia ng'ombe alama ya vema, akaenda zake ofisini.